Jino Lililosagwa Kavu

Alhamisi, 9 Februari 1995

Jino limefika! Limetoka Nairobi. Siku hizi kila kitu ruksa, hata meno yanaingia. Si plastiki — kauri ya kioo, linang'aa kama sahani za wageni. Daktari Yeremia kalivika juu ya kisiki cha jino langu la mbele. Wifi Pili, dada wa mume wangu, alikicheka kisiki hicho kwenye maulidi, mbele za watu. Ngoja Idi ipite, nimwoze binti yangu Mwantumu. Nitacheka kila picha.

Ila nikiuma, lenyewe ndilo linalotangulia kugonga la chini.

Jumatatu, 13 Februari

Nimerudi lisagwe kidogo. Mashine ikawashwa, maji yakaruka. Nikaziba mdomo. Nimefunga, usinitie maji! Daktari akasema bila maji jino litapata moto, kioo kitaingia nyufa zisizoonekana. Tungoje jioni, akauliza? Jioni nani atanipikia futari? Maskini, Mkristo wa Bukoba, hataki kugombana na dini ya mtu, wala na mteja. Kasaga kavu. Harufu ya kuungua.

Sasa nauma vizuri. Ila ulimi ukipita, msasa mtupu. Alitaka kulisugua kwa mpira wa kung'arishia — umekwisha, kaagiza Dar.

Jumamosi, 18 Februari

Mpira bado. Palipokwaruzwa pameshika rangi ya chai. Ulimi una kidonda. Na jino langu la chini, la Mungu, linalika. Togwa ya baridi ikigusa, nashtuka. Mgeni anamla mwenyeji, na nauli nimelipa mimi.

Ijumaa, 24 Februari

Nimemuuliza Shehe Kondo habari za "jirani yangu" aliyekataa maji kinywani. Shehe kacheka. Kwani huyo jirani hatawadhi? Kila swala anasukutua, anatema, na saumu yake ipo palepale.

Nimeona aibu mpaka masikio.

Jumapili, 5 Machi

Harusi. Mpira ulifika Alhamisi. Daktari kaling'arisha, kwa maji, nikatema kama mtu mwenye akili. Laini! Lakini akaonya: mikwaruzo imeondoka, nyufa hajui. Nisiume nalo vitu vigumu. Wifi Pili mwenyewe kakiri nimependeza.

Pilau, paja la kuku. Kak!

Nimejifungia chumbani. Nilichotema kimo ndani ya leso, sijafunua. Huenda ni mfupa. Kioo kipo ukutani, nimekipa mgongo. Ulimi nimeukataza kutembea.

Wifi Pili anagonga. Eti nitoke, mpiga picha anamtaka mama wa bibi harusi, na acheke.