Bi Ottavia Alivyomwimbia Mama Yake

Kwa Mama yangu mpenzi, Nguvumali, Tanga.

Assalaam alaykum, Mama, na shikamoo. Naomba barua hii ikukute u mzima, ingawa Mwanaidi ameshaniambia unachonificha: kwamba magoti sasa hayakufikishi hata Mabawa kwa shangazi. Kila nikikupigia unasema, "Sijambo, mwanangu, fanya kazi." Haya, mimi afya ninayo. Utulivu ndio sina. Naandika mstari, nasimama, nachungulia dirishani, narudi kuketi. Kwenye simu ungenikatiza, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Yule bibi ninayemtunza huku Italia, Bi Ottavia, ulidhani ni mwalimu mstaafu. Kumbe alikuwa mwimbaji wa opera, ile michezo ya jukwaani ambayo watu huimba maneno yao mwanzo mpaka mwisho. Yeye alikuwa soprano, sauti ya juu kuliko zote za kike. Picha zake zimejaa sebuleni, huku amevaa taji, kule anakufa kwa mapenzi, nami miaka mitatu nikizipangusa vumbi bila kuuliza.

Mama yake alikuwa kibarua wa mashamba ya mpunga. Alipalilia maji yakimfika magotini, na wanawake wale waliimba ili wasahau mgongo. Ndiko Ottavia alikojifunzia. Padri wa kijiji akamsikia, akampeleka mjini kwa mwalimu wa uimbaji. Ada hakuwa nayo. Asubuhi alisugua ngazi za nyumba ya mwalimu, mchana akafundishwa. Siku moja mwimbaji mkuu aliugua koo saa chache kabla ya onyesho, wakamsukuma yeye jukwaani na gauni la kubanwa kwa pini. Ukumbi mzima ulisimama. Tangu hapo hakutulia: leo mji huu, kesho nchi ile.

Mama yake alimwomba jambo moja tu, aende akamwimbie kijijini. Kila mwaka akajibu, "Mwakani, Mama." Habari ya msiba ilimkuta ng'ambo, katika chumba cha kuvalia. Akapanda jukwaani vivyo hivyo.

"Niliimba vizuri kuliko siku zote," aliniambia, "na hilo ndilo sijajisamehe."

Baadaye sauti ilimkatika katikati ya wimbo, watu wakamzomea. Akavua gauni, asiimbe tena.

Mwezi uliopita ukumbi wa mji ulimwalika ili umtunukie heshima. Akaichana barua. Wiki nzima akawa anazunguka chumba hadi chumba, hali chakula, anashikashika vitasa vya milango. Alhamisi akanijia amevaa koti.

"Salma, nipeleke kwa mama."

Tulipanda treni, kisha teksi, hadi makaburini kando ya mashamba ya mpunga. Akaniwekea mkono begani, akaimba. Haikuwa opera, ulikuwa wimbo wa wapaliliaji. Mama, sauti ilikuwa kavu, inakwaruza, kila mstari unamtoroka naye anaufuata. Mlinzi aliyekuwa akifagia akavua kofia. Ubeti wa pili haukutoka. Akabaki anahema.

"Nimechelewa miaka arobaini," akasema. Kisha akanigeukia: "Wa kwako yu hai?"

"Yu hai, Bi."

"Mmeonana lini?"

"Miaka mitano sasa. Nitakwenda mwakani."

Alinitazama tu, mpaka nikaona haya.

Tangu siku hiyo sikai. Nilimwomba ruhusa mpwa wake anayesimamia nyumba. Kasema nikiondoka miezi miwili atatafuta mtu mwingine, wala simlaumu, mzee haachwi peke yake. Bi Ottavia mwenyewe alinitolea sanduku langu uvunguni. Kesho yake nikamkuta analirudisha. Anataka niende, na anaogopa nikienda. Mimi nami naogopa kuipoteza kazi hii, lakini yapo ninayoyaogopa zaidi, na hayo siyaandiki. Nimekata tiketi.

Usimgombeze mdogo wangu Mwanaidi kwa kukufichua. Nisalimie shangazi wa Mabawa, na mjomba aliye Mwera na minazi yake, na mama Mkatoliki jirani yetu aliyekuwa akinisuka nywele. Mwambie zimekatika kwa baridi.

Nitafika Ijumaa ya mwanzo ya Shaabani, inshaallah. Usihangaike kupika, wala kupaka nyumba chokaa. Uwepo tu.

Mwanao,
Salma