Mshipa Unapiga Vizuri

Everlyne, uko wapi? Leo nimejiaibisha hadi natamani ardhi inimeze.

Si unajua najitolea pale zahanati ili ombi langu la kusomea udaktari liwe na uzito? Maana alama nzuri kila mtu anazo. Basi leo Daktari Ochola, huyo ninayemtegemea anipendekeze chuoni, akaniambia nimpokee mgonjwa mwenyewe, yeye atazame tu.

Akaingia mzee wa heshima zake. Nikampa shikamoo, nikamuuliza ana shida gani. Akainama, akaninong'oneza, "Mwanangu, mshipa unanisumbua."

Mshipa!! Nikamshika mkono, nikaweka vidole viwili kwenye kifundo, nikakunja uso kama profesa. "Mzee, mshipa wako unapiga vizuri kabisa."

Unapiga vizuri. Nimesema hivyo, kwa mdomo wangu huu.

Mzee akanitazama. Akatazama kikoi chake. Akanitazama tena. "Si huo, mwanangu."

Shoga, alikuwa na busha, ambalo wazee wetu wa pwani huliita mshipa! Busha! Na jina lake la Kiingereza nimelikariri mwezi mzima kwa ajili ya mahojiano. Ochola mtu wa bara ameelewa, mimi mzaliwa wa Tezo nasikiliza mapigo!

Nikaomba radhi, nikasema labda udaktari si wangu. Ochola kageukia ukutani, mabega yanamcheza kwa kicheko.

Mzee akamwambia, "Daktari, huyu mpeleke akasome upasuaji. Mshipa wa aibu keshaukata."