Nyimbo za Shamba la Jela

Jumatatu, 9 Novemba 1953

Mvua ilikatika saa moja asubuhi. Chai, daftari, baiskeli. Maili tatu hadi shamba la jela. Wafungwa thelathini na wanne, majembe thelathini na mawili. Wawili wanaokota mawe. Askari ni yule yule wa Songea.

Wanalima kwa wimbo, kama Wasukuma wote. Mmoja anatoa, wengine wanapokea, majembe yanashuka pamoja. Anayetoa ni Masanja, mchimbaji wa Rwamgasa. Alikutwa na dhahabu ya unga ndani ya bomba la unyoya wa tai. Hana leseni. Miezi kumi na minane. Mwenye tabia njema husamehewa theluthi, kwa hiyo anatoka tarehe 28 mwezi huu.

Mkewe, Mama Kabula, analima kishamba cha shangazi yake ng'ambo ya barabara. Masanja humpelekea habari ndani ya wimbo: nani mgonjwa, nani kapigwa, nani kakatwa siku zake za msamaha. Askari hajui Kisukuma. Mimi ni mtu wa Tanga. Miaka tisa niko Shinyanga kuliandikia gazeti, na Kisukuma changu hakivuki salamu na kuuliza bei ya kuku. Naandika sauti zinavyoingia sikioni, Mama Kabula ananipa maana. Tarehe na wimbo kwenye daftari, maana kwenye karatasi za pembeni. Zimefika kumi na tisa.

Hizo ndizo ushahidi wa barua yangu na Mwalimu Lukasi kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Tunaomba mambo mawili. Mfungwa asikatwe siku bila kusikilizwa. Mwenye kosa dogo amalizie kifungo kijijini kwake, chini ya macho ya mwanangwa, mkuu wa kijiji.

Alhamisi, 12 Novemba

Wimbo wa ishirini. Mama Kabula aliacha jembe, akasikiliza hadi mwisho, akakaa chini.

"Mpini umevunjika. Kunguru kachukua siku kumi na nne."

Kunguru ni askari. Mpini ulikuwa mbovu tangu Oktoba. Upo katika wimbo wa kumi na moja. Hakuna aliyemwuliza Masanja neno. Sasa atatoka 12 Desemba.

"Mahindi yatakuwa yamefika magotini, na yeye ndani," alisema Mama Kabula. "Iandike barua yako haraka, baba."

Tatizo langu: ushahidi wote unapita katika kinywa kimoja, cha mke wa mfungwa. Sijawahi kupeleka habari gazetini kwa kinywa kimoja. Jioni nilimpa Lukasi daftari atafsiri upya, bila kumwonyesha tafsiri ya Mama Kabula. Lukasi amesomea misheni ya Ushirombo, anakijua Kisukuma mpaka cha wazee. Alicheka.

"Wewe, mama yako akikwambia amekuzaa, utataka mkunga aitwe."

"Nitataka na jirani."

Jumanne, 17 Novemba

Daftari limerudi. Tafsiri zinakubaliana katika nyimbo kumi na nane. Mbili zinatofautiana kidogo, na ya Lukasi ni bora. Mama Kabula hakusema uongo hata mara moja. Niliona aibu kidogo, kisha ikapita.

Tumetia sahihi. Barua haitaji nyimbo. Inasema tu "watu wanaoaminika". Lukasi ataipeleka mwenyewe bomani, ameitwa kule kwa mambo ya shule.

Ijumaa, 20 Novemba

Lukasi ameteuliwa katika kamati mpya ya wakaguzi wa jela. Mwafrika wa kwanza. Nilikwenda kumpongeza. Mkewe alichinja kuku.

Nilifurahi kwa dhati. Naandika hivyo leo ili nisije nikajidai baadaye kwamba nilishuku.

Jumatano, 25 Novemba

Shamba kimya. Si kimya kamili. Askari anaita "Moja!" majembe yanapanda. "Mbili!" yanashuka. Hayashuki pamoja. Mtu mmoja alijikata kidole cha mguu mbele ya macho yangu. Masanja hayupo kwenye mstari.

Mama Kabula alikuwa amesimama tu katikati ya shamba lake.

Askari alivuka barabara kuniomba moto wa sigara.

"Kuimba Kisukuma marufuku. Amri ya juzi."

"Kwa nini?"

"Unaniuliza mimi? Mwalimu wenu alikuja na kamati. Akatusomea nyimbo kwenye karatasi, moja moja, na tarehe zake. Kumbe mwaka mzima kunguru ni mimi!" Alicheka, lakini si sana. "Mimi mtu mzima, nina wajukuu. Kunguru!"

Masanja anazoa choo cha jela. Amekatwa siku zote za msamaha. Kosa: kupeleka habari nje. Atatoka 28 Mei.

Tarehe zile ni zangu. Mama Kabula hajui kuandika.

Alhamisi, 26 Novemba

Nilimkuta Lukasi anasahihisha madaftari ya watoto. Hakusimama. Hakukana pia.

"Waliniuliza tumejuaje habari za ndani. Ningesema nini? Nimeota?"

"Ungesema hutasema."

"Wangenitoa kwenye kamati siku ile ile. Nikiwamo, nitawasaidia wafungwa mia. Wewe unamwona Masanja tu."

"Ulinakili daftari langu lini?"

"Wewe ndiye uliyeniletea, ndugu yangu. Mimi sikukuomba."

Ni kweli. Nililipeleka mwenyewe, kwa baiskeli.

Jina lake limefutwa kwenye barua kwa wino mwekundu. Langu lipo. Karani wa bomani alinionyesha. Lukasi aliomba lifutwe tarehe 18, siku mbili kabla ya kuku.

Nimesalitiwa. Nimejaribu neno jepesi zaidi, halipo.

Jumamosi, 28 Novemba

Leo ingekuwa siku yake. Nilikwenda kwa Mama Kabula kabla ya jua kukaza. Shati la Masanja lilikuwa juu ya kamba, limefuliwa. Nilimwambia yote kwa mpangilio: daftari, Lukasi, kamati, Mei. Kabula, binti yao wa miaka minne, alikuwa akichezea pampu ya baiskeli yangu.

Aliuliza swali moja. "Hukuniamini?"

Nilimweleza kanuni ya vinywa viwili. Alisikiliza kwa adabu.

"Basi sasa umepata cha pili," alisema. Akaanua shati.

Jumatano, 2 Desemba

Mhariri amerudisha makala yangu, maneno elfu moja na mia mbili. Badala yake wamechapa mistari sita: kamati ya wakaguzi imeundwa, mwalimu mmoja Mwafrika yumo, hali za wafungwa zitaangaliwa. Niliisoma mara tatu. Haina kosa hata moja.

Sikula mchana.

Ijumaa, 4 Desemba

Nimeandika barua upya. Maombi ni yale yale mawili. Sahihi moja. Sikutaja wimbo, mke, wala shamba. Nimeandika tu niliyoyaona kwa macho yangu: majembe, miguu isiyo na viatu, kidole kilichokatika. Imekuwa fupi na dhaifu. Nimeipeleka mwenyewe. Karani aligonga muhuri: imepokelewa.

Daftari la nyimbo nimelichoma jikoni. Heri ningelichoma mapema.

Jumatatu, 14 Desemba

Baiskeli, maili tatu. Mahindi ya Mama Kabula yamefika magotini. Nilimwamkia, akaitikia. Hakuacha jembe.

Masanja amerudishwa kwenye mstari, mwisho kabisa, amekonda. "Moja!" anaita askari. "Mbili!" Majembe yanagongana.

Mama Kabula akaanza kuimba. Sauti ya kawaida, ya mtu anayepalilia mahindi yake. Hakuna amri inayomkataza. Yuko ng'ambo ya barabara. Kufika ubeti wa tatu au wa nne hivi, majembe ya wafungwa yakaanza kushuka naye. Hakuna aliyefungua mdomo. Thelathini na mawili, pamoja. Askari aliendelea kuhesabu, kisha akajikuta anahesabu kwa mwendo wa wimbo, kisha akaacha.

Wimbo ulikuwa mrefu. Nilisikia jina la Kabula mara mbili. Mengine sikuyapata. Mama Kabula hakunigeukia kunipa maana.

Askari alivuka barabara, akasimama karibu yangu.

"Anasemaje huyu?"

"Sijui," nilimjibu. "Mimi mtu wa Tanga."