Kuku Wangu, Mwewe na Wageni wa Babako

Mjukuu wangu Truphena,

Nani alikwambia ufunge mdomo darasani? Barua yako nimekaa nayo siku tatu, na kila nikiikumbuka mkono unawasha. Ati mwalimu alipofundisha jinsi viumbe walivyokuja kuwa wa aina nyingi hivi, wewe ukamrudishia kitabu na kumwambia kwamba kwenu hamwamini mambo hayo. Kwenu wapi? Mimi uliniuliza? Na sasa amekwambia ukikataa somo hilo hutafanya mtihani, na bila mtihani hakuna ualimu. Babako aliisoma barua hiyo nje ya nyumba kwa sauti yake ya kanisani, mpaka watu wa kiwanda cha mbao wakasimama njiani kusikiliza. Akasema, "Huyo ndiye binti yangu!" Mimi nilikuwa nasonga ugali, na ugali haungoji mtu.

Jina la Kizungu la somo hilo lilinipita. Mimi kusoma kwangu kuliishia darasa la ubatizo. Lakini maelezo uliyoandika chini yake niliyashika yote: kwamba watoto wa mama mmoja huzaliwa wakitofautiana kidogo kidogo, kwamba wale wanaopatana na mahali walipo ndio hubaki wakazaa, wengine hufa mapema, kwamba watoto hufanana na waliowazaa, na jambo hilo likiendelea miaka isiyohesabika, ukoo mmoja hugeuka koo nyingi. Nikasema, huyu mtoto ana wazimu. Anakataa kitu alichonifundisha yeye mwenyewe hapa Elburgon, akiwa na miaka tisa na mapengo mawili mbele!

Babu yako alikuwa ametoka Molo na mayai kumi na mawili ya kuku weupe wa mzungu, ameyafunga ndani ya koti lake la vitani. Tuliyalaza chini ya kuku wetu mwekundu, yule mkali. Ulikuwa unaamka kabla yangu kwenda kusikiliza kama maganda yanagongwa. Vifaranga wakatoka, wakakua, wakachanganyika na wa kwetu, na kila walipototoa tukapata weupe, wekundu na wa madoadoa. Lakini mwewe wa msituni naye alikuwa na macho. Mweupe kwenye majani makavu alionekana kama shati kwenye kamba. Miaka miwili haikuisha, ua wote ukawa wa madoadoa.

Mimi nikawaambia majirani kwamba kuku wangu wana akili, wamejipaka rangi kwa kumwogopa mwewe. Nilijivuna kweli. Wewe ukanivuta leso ukasema, "Nyanya, hakuna aliyejipaka. Weupe wameliwa. Hawa ni watoto wa waliobaki." Nilikufukuza ukalete kuni. Sikupenda kusahihishwa na mtu asiye na meno.

Halafu likaja lile la majogoo. Babako alipofanywa mzee wa kanisa, kila Jumapili alileta wageni, na wewe unajua sisi: mgeni huchinjiwa jogoo mkubwa kuliko wote, la sivyo ni aibu ya mwaka mzima. Wanaume wakala kuku, sisi wa kike tukala mboga tukiwatazama, maana siku zile mwanamke wa kwetu hakugusa kuku. Nikaona majogoo wangu wanapungua mwili mwaka hadi mwaka, mpaka wakawa kama kwale. Nikasema ni jicho la jirani yangu Finike. Sikumsalimu mwezi mzima, maskini, naye hakujua kosa lake.

Jumapili moja ulikuwa umeshika sahani yako ya mboga. Ukasema mbele ya wageni, "Nyanya, kila mkubwa tunamchinja kabla hajazaa sana. Wanaobaki kuwa baba ni wadogo. Sasa unataka watoto wakubwa watoke wapi?" Babako alikukodolea macho. Mgeni mmoja akaweka paja chini. Mimi nilitoka nje nikacheka mpaka nikakaa kwenye magogo. Kesho yake nikaenda kumsalimu Finike.

Nikwambie siri. Tangu siku hiyo mgeni akitokea, jogoo mkubwa namfungia ghalani, nachinja wa kadiri. Ukija utawaona wanangu wa leo: vifua kama ngoma. Na wale kuku sita niliompa dada yangu Jerida pale Molo, kwenye baridi ya kuua, waliokuwa na manyoya mepesi walikufa wakiwa wadogo. Waliobaki wamezaana, na juzi ameniletea jogoo mwenye manyoya mpaka vidoleni. Nilimweka karibu na wangu. Ungeapa hawajuani, na wote ni wa yule mama mwekundu. Hiyo ni miaka tisa tu, mtoto wangu, na nyua mbili. Ukinipa miaka kama majani ya msitu wa Mau, na milima, na maziwa, na majangwa, mimi sishangai tena kwa nini ndege mmoja ana mdomo wa kuchokoa maua na mwingine wa kupasua mbegu.

Jana nilimwambia babako hayo yote akiwa mezani. Akasema, "Mama, sasa wataka kusema tumetoka kwa nyani?"

"Nimesema kuku. Nyani umewaleta wewe."

"Mungu aliumba kila kitu."

"Na mwewe je? Aliumbwa na nani? Na baridi ya Molo?"

Aliomba aongezewe ugali. Hivyo ndivyo mwanangu hukubali kushindwa, nimemlea, namjua. Ninaomba asubuhi na jioni, Truphena, na sijaona Mungu akipungua kwa sababu nimewatazama kuku wake vizuri. Nikikaa mlangoni jua likipiga mabati, wao wakichakura kwenye unga wa mbao, moyo wangu umeshiba. Kitu kinachoukosesha raha ni kukuwazia wewe, mwenye macho makali kuliko sisi sote, umekaa kiti cha nyuma ukijifanya kipofu ili kumfurahisha babako.

Basi, baki na afya, na ufunge sweta vizuri. Ukimaliza kusoma hapa, simama. Nenda kwa mwalimu wako leo hii, mwombe msamaha, chukua kile kitabu, na siku ya mtihani ujibu kila swali mpaka wino uishe.

Ni mimi nyanya yako, niliyemzaa babako na siwaogopi nyote wawili.