Nusu Moja Imeingia Kwenye Chai ya Daktari

Shoga, nimetoka kwa daktari sasa hivi. Nimekaa kwenye benchi la nje. Usicheke.

Si unajua dawa zangu za presha nazikata nusu kwa kisu, zifike mwisho wa mwezi? Leo nimefungua mkoba nimpe kadi, nusu zote zikamwagika mezani kwake. Moja ikaingia kwenye chai yake. Kwenye chai, shoga.

"Bibi, hizi ni nini?"

Nikamwambia, "Ni dawa zako."

Kumbe presha ilipokataa kushuka kwa zile nusu, yeye hajui, akaniandikia dawa kali zaidi, na ghali zaidi. Nami kwa ughali wake nikaikata nusu. Leo alishashika kalamu aandike ya tatu! Yaani tulikuwa tunapandishiana bei, mimi na yeye.

Nikamuuliza kwa nini inauzwa ghali hivyo. Eti kampuni ni moja tu yenye jina lile, na tunalipia jina na matangazo. Dawa ileile inatengenezwa na viwanda vingine, haina jina kubwa, bei haifiki robo.

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza, bibi?"

Basi ameniandikia hiyo, nimeinunua dirishani. Nimemeza hapa hapa, nzima. Imenikwama, koo limezoea nusu.

Sasa sikiliza. Kile kisu ulichoniazima ukanifundisha kukata, sikirudishi. Kesho twende wote kwa daktari, na mkoba wako uufungue mwenyewe.

Ila ngoja kwanza amalize chai, ndipo uufungue.