Vipande Vinne vya Nyuma

Jumatatu, 4 Machi
Darasa limesimama! Vipande kumi na viwili vya ukuta wa mbao, bolti tupu, saruji hata kijiko hakuna. Muhula ukiisha tunalifungua, tunapakia kwenye lori, linakwenda shule nyingine kufundisha mazingira. Msanifu aliyelichora kanisifu mbele za watu – fundi mama, umeweza! Binti yangu, anayesoma hapa hapa, kapiga makofi kuliko wote.

Nilicheka. Moyoni kunawaka. Mafuta ya mbegu ya kukinga mbao yaliishia kipande cha nane. Vinne vya nyuma nimevipaka oili chafu ya gereji. Miaka ishirini napaka hiyo, mchwa hasogei. Makubaliano ya kazi yanasema sumu marufuku. Lakini nani atanusa?

Alhamisi, 7 Machi
Mvua tangu alfajiri. Maji yanateremka ukuta wa nyuma mpaka kwenye kidimbwi cha watoto, wanamofuga viluwiluwi. Juu ya maji kuna rangirangi. Nimeiona, nikapita zangu.

Ijumaa, 8 Machi
Viluwiluwi wamekufa. Wote! Binti alikuwa akiwahesabu kila asubuhi – arobaini na mmoja. Kalia mpaka kwikwi, chakula hakugusa. Nikamwambia labda ni baridi. Baridi! Mtu mzima mimi.

Jumatatu, 11 Machi
Mwalimu kaacha ratiba, darasa zima linatafuta kilichoua. Wamemhoji mlinzi, eti alimwaga sabuni? Mzee wa watu kaapa mpaka sauti ikamkauka. Binti ndiye karani wao. Nimechungulia daftari lake: mlinzi, mstari mwekundu chini.

Nilitaka kusema. Lakini nikisema, kazi imekwenda, na nani tena atanipa nyingine?

Jumanne, 12 Machi
Mkuu wa shule kamsimamisha mlinzi. Nimemkuta getini kakunja koti lake, kanisalimia vizuri tu kama siku zote. Aibu! Sikuweza hata kushika randa kumalizia madawati.

Jioni binti karudi na karatasi nyeupe. Leo walizibandika kwenye kila kilicho karibu na kidimbwi – jiwe, bomba, ukuta – waone kipi kinatoa uchafu. Yake ina doa jeusi. Kanisogezea puani. Ni ya ukuta wa nyuma, anasema, na inanuka kama ovaroli yako, mama. Mwalimu bado hajaiona. Kataka kuniuliza mimi kwanza.

Amekaa ng'ambo ya meza, daftari wazi. Mimi naandika hapa nionekane nina shughuli. Tarehe kashaweka. Ananiuliza mara ya pili, aandike nini.