Kumi na Wawili wa Mjumbe

Jumanne, 10 Juni 2025

Bosi Taiyeb anataka wanawake kumi na wawili ifikapo Alhamisi. "Wawakilishe wote wa Chamazi," anasema, utadhani anaagiza sambusa. Wawe wanaochoma sindano ya uzazi wa mpango pale zahanati, waje waseme mfumo wetu wa kuwakumbusha kwa meseji wanauonaje. Nesi kagoma kunipa majina — siri ya mteja. Haki yake. Basi nimekwenda kwa mjumbe wetu wa mtaa, Mzee Shomari. Shikamoo, marahaba, chai, habari za nyumbani... Kasema nisihofu, nyumba zote anazijua, ataniletea wanaojua kujieleza. Kazi ya wiki nzima nimeimaliza kwa kikombe kimoja!

Alhamisi, 12 Juni

Wamefika wote, saa nne kamili — Dar hii! Vitenge vipya, mikoba, kila mmoja na simu yake. Nikawaonyesha meseji: "Ndugu mteja wa zahanati, tarehe yako ya sindano ni Jumatano. Usikose." Wakasema imekaa kistaarabu. Mmoja akasema mumewe ndiye anamkumbushaga, sasa atapumzika. Tukacheka sana.

Ripoti nimeandika leo leo: kumi na wawili kati ya kumi na wawili wameridhika. Bosi kanipongeza mbele ya watu. Zahanati itaingiza namba zote zilizo kwenye daftari lao, na Jumatatu saa mbili asubuhi meseji zinaanza kutoka.

Jumamosi, 14 Juni

Sina raha.

Mama Brightson, jirani yangu wa chumba cha pili, kanikuta nafua. Nikawa namsimulia kazi yangu, najisifu. Kisha, huku ananisaidia kukamua shuka, akaninong'oneza: yeye anachoma sindano mwaka wa pili huu, mumewe hajui. Uzazi wa mwisho nusura umuue, daktari akamkataza. Ila Baba Brightson anataka mtoto wa nne, na mama mkwe keshatamka: aliyechoka kuzaa arudi kwao.

Nikamuuliza mbona hakuja Alhamisi. Akanitazama kama mwendawazimu. "Kwa mjumbe? Mie? Si bora nikatangaze kanisani!"

Simu wanayo moja, anatembea nayo mume. Na namba aliyoandikisha zahanati ni hiyohiyo — aliambiwa ni ya kujaza fomu tu. Akaniapisha nisimtajie mtu yeyote, hata huko ofisini. Nikaapa. Nikamwambia nitashughulikia.

Mjinga mimi! Wanawake wanaojificha, nimekwenda kuwatafuta kwa mtu ambaye kazi yake ni kumjua kila mtu. Wangekujaje? Waliokuja ni wale wasio na cha kuficha, nami nikawaita wawakilishi.

Jumapili, 15 Juni

Mama Brightson kaondoka alfajiri. Dada yake kalazwa Mwananyamala, anamuuguza mpaka kesho jioni. Kumpata sina njia, simu iko kwa mume.

Nimempigia bosi mara tano ndipo akapokea. Nikamwomba tusimamishe kutuma: kuna mteja, simu anatembea nayo mume. Hakukasirika hata. "Felicitas, ripoti ni yako, sahihi ni yako." Tutume kwanza, anasema, wakilalamika tutarekebisha. Watalalamika kwa nani?! Nikambembeleza mpaka akalainika: haya, nitajie hiyo namba moja, Kasiani wetu wa kompyuta aitoe leo leo.

Kasiani! Kasiani yuko jumuiya moja na Baba Brightson, wanasali nyumba kwa nyumba kila wiki. Akiiona tu hiyo namba ameshajua. Nikasema siwezi kuitaja. Bosi akasema basi, tuonane kesho, akakata.

Niliapa lakini. Niliapa! Najirudia hivyo tangu mchana.

Jumatatu, 16 Juni

Sijaenda kazini. Nimedanganya naumwa.

Saa mbili na dakika sita — hodi. Baba Brightson, simu mkononi. Hana hasira. Afadhali angekuwa nayo! "Dada Feli, samahani, wewe ndiye unayejua mambo ya zahanati. Hii sindano ni ya nini? Mwenzangu anaumwa nini mpaka ananificha?" Macho mekundu. Anasema kama ni kansa nimwambie tu, yuko tayari kuuza hata pikipiki.

Nimemwambia ngoja nivae. Nimevaa tangu saa kumi na mbili! Nimekaa kitandani na daftari hili, naandika badala ya kufungua. Nikisema sijui, atakwenda zahanati sasa hivi. Nikisema najua...

Kaita tena, taratibu. Nimeitika nakuja.

Sasa namsikia anaongea na simu, palepale mlangoni. "Shikamoo mama. Samahani kukusumbua asubuhi. Mkweo ana ugonjwa wowote unaoujua?" Anamsomea ile meseji polepole, neno kwa neno, na mie bado sijafungua.